Buni Kabla ya Moto

Buni mbichi hainuki kahawa. Jambo hilo nililijua nikiwa nimekwisha kunywa kahawa kwa zaidi ya miaka 30, siku nilipotoka sokoni Darajani na nusu kilo ya punje ambazo hazijaguswa na moto, nikazimimina kiganjani, nikaziinamia, nikaingojea harufu ile iliyonilea barazani tangu utoto, nayo isije. Ikaja badala yake harufu ya nyasi kavu na magunia, kama ya choroko zilizokaa ghalani, na punje zenyewe zilikuwa za kijani kilichofifia, ngumu kama changarawe, kila moja ina ufa mwembamba uliopinda katikati ya tumbo lake. Nilitia moja kinywani nikaitafuna kwa taabu, nisipate utamu wala uchungu wa maana, ila ladha ya bua kavu. Nilikuwa nimeishika mkononi asili ya kinywaji nikipendacho kuliko vyote, na sikuitambua.

Unguja ina adabu yake ya kahawa, na mwenye kuzaliwa humo huipata adabu hiyo pamoja na lugha. Anajua kwamba kahawa ya jioni hunywewa chungu, bila ya sukari, katika finjani ndogo isiyo mkono. Kwamba ubavuni mwake hukaa kashata ya karanga au ya nazi, na siku yenye jambo hukaa halua. Kwamba muuzaji apitapo hugonganisha vikombe mkononi mwake, na mlio ule watosha kuwa tangazo. Kwamba barazani, toka Jaws Corner mpaka Ng'ambo, habari haianzi kusimuliwa mpaka kila mtu ameipokea finjani yake. Hayo yote niliyajua. Lakini adabu ya kunywa si maarifa ya kinywewacho, nami nilikuwa siujui mti, silijui tunda, wala sijui ni kitu gani moto huiongezea buni na kitu gani huiondolea. Nikaazimia kuanza na alifu, kama mtoto wa chuoni.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee auzaye kahawa jirani na msikiti wa mtaani kwetu, ambaye kila siku baada ya sala ya alasiri huliweka dele lake la shaba juu ya seredani, na ambaye huikaanga buni yake mwenyewe, uani, kabla jua halijawa kali. Nilimwendea asubuhi na mfuko wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Kahawa bado."

Nilimwambia kwamba nimekuja kutazama, si kunywa. Akaupokea mfuko, akazimwaga punje katika ungo, akaanza kuzichagua kama uchaguliwavyo mchele wa pilau: iliyo nyeusi akaitupa, iliyotobolewa na mdudu akaitupa, iliyovunjika akaitenga, kwa kuwa punje moja iliyooza, alisema, hulitia harufu dele zima. Kisha akakiweka kikaango cha chuma juu ya makaa, na buni ikaingia.

Kukaanga buni ni kazi ya pua na masikio kuliko macho. Kwa dakika kadhaa hapakutokea kitu ila mvuke, kwa sababu punje zina maji ndani yake na maji hayo sharti yatoke kwanza. Kijani kikageuka manjano, harufu ya nyasi ikaondoka, ikaja harufu ya mkate uokwao, kisha ya karanga, na mwiko wa mzee haukutua hata mara moja. Mara nikasikia mpasuko, kisha mwingine, kisha mingi kwa pamoja kama bisi za mahindi chunguni, na maganda membamba kama ngozi ya kitunguu yakaruka yakapeperuka uani. Mpasuko huo huja buni ikaribiapo joto la nyuzi 200 za Selsiasi, wakati mvuke na gesi vilivyojikusanya ndani ya punje vinapotafuta njia ya kutokea, nayo huvimba, ikawa kubwa kwa umbo na nyepesi kwa uzito, maana ikitoka motoni aghalabu imekwisha kupoteza kati ya sehemu 15 na 20 katika kila 100 za uzito iliokuwa nao. Hapo ndipo harufu ya kahawa inapozaliwa: sukari na protini zilizokuwa zimelala ndani ya punje huungana kwa nguvu ya moto zikatoa manukato kwa mamia, ambayo mengi yake hayakuwamo katika kile nilichokinusa kiganjani mwangu. Mwenye kuipua hapo ana kahawa ya rangi ya hudhurungi, iwezayo kupondwa, kupikwa na kunywewa.

Mzee hakuipua. "Sikiliza tu," aliniambia, "jicho hudanganywa na moshi." Ukapita utulivu mfupi, kisha ukaanza mpasuko wa pili, mdogo na wa haraka, kama chumvi iliyotupwa motoni, moshi ukawa mzito, mafuta yakajitokeza juu ya punje yakazing'arisha, na rangi ikashuka mpaka karibu na weusi wa mkaa. Ndipo akaimimina katika ungo akaipepeta ipoe upesi, kwa kuwa buni iachwayo katika kikaango huendelea kujipika kwa joto lake yenyewe. Ikatwangwa kinuni, ikaingia deleni pamoja na maji na kipande cha tangawizi, na alasiri nilipoinywa niliitambua mara moja, kwa maana ndiyo niliyoijua siku zote. Nilimuuliza mzee kwa nini hakuipua kwenye mpasuko wa kwanza. Alifikiri kidogo, akanijibu kwamba buni imfikiayo haiwi sawasawa, leo ya Bukoba, kesho mchanganyiko asiojua ulikotoka, na kwamba moto mkali huzifanya zote kuwa moja. Sijapata kusikia maelezo ya wazi kuliko hayo, hata kwa mabingwa niliokutana nao baadaye. Uchungu ule tuusifuo ni alama ya moto zaidi kuliko alama ya tunda; na moto ukizidi, hufuta habari zote za mahali buni ilikotoka.

Na habari hizo ni ndefu. Maneno yetu wenyewe yanazishuhudia, maana kahawa na buni yote mawili tuliyapokea kwa Waarabu, na kwa neno buni tukauita mti wenyewe mbuni. Lakini mti haukuanzia Arabuni. Kwao ni misitu ya milima ya kusini magharibi mwa Ethiopia, ambako mpaka leo huota pasipo kupandwa, chini ya kivuli cha miti mirefu. Ukavuka Bahari ya Sham ukafika Yemen, na huko, katika karne ya 15, masufi wakapika kinywaji chake ili wapate kukesha katika dhikri. Mwaka 1511 mtawala wa Makka, Khair Beg, alikipiga marufuku, na marufuku ile haikudumu. Kwa miaka mingi bandari ya Mokha ikawa ndio mlango wa kahawa ya ulimwengu, mpaka Waholanzi wakaipeleka mibuni Java, na Wafaransa, mwaka 1715, wakaipeleka katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho sasa Réunion, kilichomo katika bahari yetu hii hii ya Hindi.

Nilipofika hapo katika masomo yangu nilistaajabu, kwa kuwa Réunion ndiko walikotoka mapadri Wakatoliki waliofika Unguja mwaka 1860, na shirika la Roho Mtakatifu lililowafuata ndilo lililojenga misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, kisha, mwishoni mwa karne ile, likaupanda mbuni Kilema, katika mteremko wa Kilimanjaro. Basi mti ambao kwao ni Ethiopia, nchi ipakanayo na Kenya, haukushuka kwa njia ya bara iliyo karibu; ulizunguka Yemen na visiwa, ukapita mbele ya milango yetu ya pwani, ndipo ukapanda mlimani. Sisi tuliuacha upite. Tulikuwa tumekwisha kuridhika na kinywaji.

Bukoba haikuingojea safari hiyo. Ukingoni mwa Ziwa Viktoria kulikuwa na mbuni wa aina nyingine tangu kale, robusta, nao Wahaya hawakuupika wakanywa, bali walizichuma punje zake, mbivu na zisizoiva, wakazichemsha pamoja na majani yenye harufu, wakazikausha, wakazitafuna, na mgeni aingiaye nyumbani hukaribishwa kwa punje hizo kama vile sisi tunavyomkaribisha kwa finjani. Huko, na kwa Waganda majirani zao, watu wawili waliotaka undugu wa kuchanjiana walilipasua tunda moja, wakazitwaa punje mbili zilizolala humo zikielekeana, kila mmoja akaipaka damu yake, akaimeza ya mwenziwe. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila nilisomapo huona kwamba hapana watu walioliheshimu tunda la kahawa kwa umbo lake, si kwa kinywaji chake tu, kama watu wale. Elimu ya leo, nayo, imethibitisha kwamba robusta ni mzazi wa arabika: ulichanganyika kwa tabia ya asili na mbuni mwingine wa nyanda za juu uitwao eugenioides, na mtoto wao ndiye arabika, mpole kwa ladha, dhaifu mbele ya maradhi, apendaye baridi ya mlima. Kafeini ya robusta hukaribia mara mbili ya ile ya arabika, na kwa mti kafeini ni silaha dhidi ya wadudu. Tena robusta hustahimili mabonde ya joto ambako arabika huangamia; na kwa nguvu ya kafeini hiyo dele la mzee wangu humwamsha hata mtu aliyekwisha kulala.

Septemba nilipanda mlimani, hadi Kilema. Kihamba cha Mchagga si shamba kwa maana tuliyoizoea sisi watu wa mikarafuu, yaani miti ya namna moja iliyopangwa mistari kwa mistari. Ni nyumba, na ukoo, na makaburi, na migomba iliyotanda juu, na mibuni chini yake ikinywa kivuli, na mfongo wa maji ukipita kando kwa mlio wa chini chini. Mama mwenye kihamba alinipokea kwa ukarimu, akanitwika kikapu, akanionya kwamba nisichume kwa kukokoa tawi zima. "Baba, chukua nyekundu tu," alisema, "hii ya kijani iache, zamu yake haijafika." Tawi moja lilikuwa na matunda ya rangi tatu, ya kijani, ya manjano na mekundu, kwa sababu mbuni huchanua kila mvua inaponyesha baada ya kiangazi, na maua yake, ambayo mama alinisimulia kwa furaha kubwa, huwa meupe na hunukia mno, mfano wa asumini zetu, kisha hunyauka kwa siku chache. Tangu ua hata tunda kuiva hupita miezi saba au minane au tisa, na tangu mche kupandwa hata kutoa mavuno ya kwanza hupita kama miaka mitatu.

Nililibana tunda moja jekundu baina ya vidole. Ngozi ilipasuka, na punje mbili zikaponyoka, nyeupe, zimefunikwa ute utelezao kama ute wa bamia, nikazitia kinywani kabla mama hajaniambia nizitie. Zilikuwa tamu. Zilikuwa na utamu mwepesi wa maji ya dafu, na nyuma ya utamu huo uchachu mdogo, wa fuu mbivu. Sikuwa nimetazamia, katika maisha yangu ya kahawa chungu, kwamba asili yake ni tunda ambalo mtoto angeweza kulila mtini. Nikamuuliza mama kama nyumbani kwake hunywa kahawa yake mwenyewe. Akasema hapana, wao hunywa chai, kahawa huuzwa. Jibu lile lilinihuzunisha na lingali likinihuzunisha, kwa kuwa mimi nimekunywa maisha yangu yote bila ya kuliona tunda, na yeye ameliona tunda maisha yake yote bila ya kuijua ladha iliyomo ndani yake, naye ndiye apiganaye na maradhi ya chulebuni na kutu ya majani, na bei isiyomngojea.

Kazi ya baadaye nitaieleza kwa ufupi. Tunda hupelekwa mashineni siku ile ile ya kuchumwa, likamenywa, na punje zenye ute zikalala katika birika la saruji usiku mmoja au miwili, mpaka ute ukavunda na kuachana nazo; huoshwa kwa maji safi, huanikwa juu ya vichanja, hugeuzwa kwa mikono, hufunikwa jua la mchana likizidi na usiku umande ukianguka, mpaka maji yabakiayo ndani yawe kiasi cha sehemu 12 katika 100. Bukoba aghalabu hawamenyi. Hulianika tunda zima na ngozi yake, na ladha ya ganda ikaingia ndani. Kilo moja ya buni safi hutaka kilo tano mpaka sita za matunda mabivu, na yote huchumwa moja moja.

Moshi ni mji wa mnada wa kahawa, na mji wa ushirika wa zamani, kwa kuwa wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuata chama kikuu cha KNCU. Huko nilipata ruhusa ya kukaa katika meza ya waonjaji. Sitaisahau meza ile. Bakuli zilipangwa safu, katika kila bakuli unga mkavu uliosagwa kwa ukubwa wa chenga. Waonjaji wakainama wakanusa. Maji ya moto yakamiminwa. Zikahesabiwa dakika nne bila ya mtu kusema neno, unga ukapanda juu ukafanya utando, na utando ukavunjwa kwa kijiko pua ikiwa juu yake kabisa, ili harufu ya kwanza isipotee. Kisha wakafyonza. Walifyonza kwa kishindo, kwa namna ambayo mezani kwa wazazi wangu ningekemewa, kwa sababu hewa ikiingia pamoja na kinywaji huitawanya ladha kinywani kote na kuipandisha puani. Nikapewa kijiko. Bakuli ya kwanza ilikuwa arabika ya mlimani iliyokaangwa kidogo, ya pili robusta ya Bukoba, ya tatu ni arabika ile ile ya kwanza iliyopelekwa hadi weusi. Ya pili na ya tatu nilizidhania ndugu. Ya kwanza, iliyo ndugu wa kweli wa ya tatu, niliiona mgeni: ilikuwa na uchachu wa ndimu tamu, na katikati yake, mbali, mlikuwa na tunda lile nililolibana kwa vidole kihambani.

Waonjaji waliandika sifa zake kwa Kiingereza, wakataja matunda ya baridi ambayo wengi wetu hatukupata kuyaona. Nami nasema, pasipo kuwalaumu, kwamba Kiswahili hakina upungufu katika mlango huu. Tuna uchungu, na uchachu, na ugwadu ambao ni uchachu wa kitu kisichoiva, na ukakasi ukaushao ulimi kama ndizi mbichi, na ukali; tuna ukwaju, balungi, zambarau, fuu, embe bichi na embe bivu, asali ya nyuki na asali ya miwa, iliki na mdalasini. Mwenye kuionja kahawa na kuyatafuta maneno hayo moja baada ya moja atagundua, kama nilivyogundua, kwamba ulimi hujifunza kwa upesi zaidi unapopewa majina.

Nyumbani nilinunua mizani ndogo ya jikoni, na nafikiri kwamba chombo hicho humfaa mwanafunzi kuliko kingine chochote. Kipimo nilichotulia nacho ni gramu 15 za kahawa kwa robo lita ya maji, maji yawe yamechemka kisha yakaachwa nusu dakika. Unga ukiwa laini kama vumbi, maji hutoa kila kitu haraka, na uchungu hutangulia. Ukiwa wa chenga kubwa, maji hupita yakiwa na uchachu mtupu. Katika kahawa uchachu hutoka mwanzo, utamu hufuata, uchungu huja mwisho, na ufundi wote wa mpikaji ni kujua wakati wa kuyaondoa maji. Kinu chetu kina kasoro moja, kwamba hutoa vumbi na chenga kwa pamoja, kwa hiyo hutwanga, nikachekecha, nikatwanga tena yaliyobaki. Nilipata kununua, katika duka moja la mjini, pakiti nzuri ya bei kubwa isiyoandikwa tarehe ya kukaangwa. Nilipoyamimina maji juu yake, unga ulikaa kimya, haukuvimba wala kutoa povu, na hiyo ndiyo dalili kwamba gesi na manukato vilikwisha kuondoka zamani. Tangu hapo hununua buni mbichi, ambayo hukaa miezi kadhaa bila ya kuharibika ikiwa mahali pakavu, nikakaanga kiasi cha wiki moja au mbili.

Kutoka Kilema nilirudi Unguja na kilo moja ya buni mbichi. Nusu yake niliikaanga uani kwangu, nikaipua kwenye mpasuko wa kwanza, nikampelekea mzee katika chupa ya chai. Akainywa yote kwa adabu, akanirudishia kikombe.

"Hii haijaiva, mwanangu."

Sikubishana naye. Nilimwachia buni mbichi iliyobaki, kama nusu kilo, nikaenda zangu.

Ijumaa ya pili yake aliniita kabla sijafika barazani. Dele lilikuwa juu ya seredani, na hakutia tangawizi. Aliniambia kwamba ameikaanga mara mbili. Ya kwanza aliipeleka hadi weusi kama desturi yake, akainywa, akaona kuwa amekwisha kuinywa kahawa ile maelfu ya mara. Ya pili aliipua baina ya mpasuko na mpasuko, katika ule utulivu mfupi, kwa sikio. Akanitilia. Rangi yake ilikuwa ya hudhurungi iliyokoza, mwanga wa jioni ukipenya ukingoni mwa finjani. Uchungu ulikuwapo, wa kwetu, lakini ulisimama kando, na uchachu ukapita mbele yake, na utamu ukakaa kooni baada ya yote kumezwa. Mzee alinywa ya kwake hadi mwisho, akaitazama finjani tupu kwa muda, kisha akaijaza yangu tena bila ya kuniuliza, na yake pia. Sinia la kashata lilikuwa baina yetu, na hapana aliyelinyoshea mkono mpaka dele likaisha.